Vituko vya Usingizini: Lipia Nini Kwanza?

Familia yenye mtu anayetembea, kupiga kelele au kurusha ngumi akiwa usingizini huanza kutoa pesa mapema, na mara nyingi kwa mpangilio uliopinduka. Mganga hulipwa kwanza, duka la dawa linafuata, na daktari hufikiwa mfuko ukiwa umeshakauka. Ukilinganisha gharama na unachopata, njia isiyolipiwa ndiyo inayojibu maswali mengi.

Njia hiyo ni saa na simu. Mtoto aliyelala saa tatu usiku, akainuka saa tano macho yakiwa wazi, haitiki akiitwa na asubuhi hakumbuki lolote, ameamka nusunusu kutoka usingizi mzito wa mwanzo wa usiku. Watoto wengi huacha wenyewe wanapokua. Mzee anayepiga mateke saa kumi alfajiri na, akiamshwa, anasimulia kwamba alikuwa anapambana na mwizi, hayumo katika kundi hilo. Wakati wa ndoto ubongo huilegeza misuli ili mwili utulie, na kwake ulegezaji huo umeshindwa. Carlos Schenck na Mark Mahowald waliueleza ugonjwa huu mjini Minneapolis mwaka 1986. Baadaye ikabainika kwamba wagonjwa wake wengi huja kupata Parkinson, au aina ya ugonjwa wa kusahau iliyo jirani nao, pengine baada ya miaka kumi na zaidi. Mzee wa namna hiyo apelekwe kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Na anayerudia kitendo kilekile kwa namna ileile mara kadhaa kwa usiku, au anayekakamaa, afikiriwe kifafa kwanza. Video ya dakika mbili iliyochukuliwa na ndugu wa chumba kimoja humsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Usalama nao ni rahisi kuununua: komeo lililowekwa juu mlangoni, godoro sakafuni, visu na panga kufungiwa. Kwa mtoto anayeinuka saa ileile kila usiku, mwamshe taratibu dakika 15 hadi 30 kabla ya saa hiyo, kwa wiki mbili hadi nne. Gharama yake ni usingizi wa mzazi tu. Mtoto alale saa za kutosha, maana uchovu na homa huchochea hali hii. Kwa watu wazima, pombe nayo huichochea.

Mganga ana tatizo moja la kibiashara: bei yake haina mwisho. Leo ubani, kesho kuku, keshokutwa mbuzi. Kisomo humtuliza mtu, wala sikibezi. Hofu ya usiku huku kwetu ina historia ndefu. Pepo aliyeitwa Popobawa alipotikisa Pemba na Unguja mwaka 1995, watu walilala nje kwa makundi. Lakini kukabwa na jinamizi, pale akili inapoamka na mwili bado haujaamka, hupita kwenyewe ndani ya dakika chache, na hupungua mtu akilala vya kutosha na kuacha kulala chali. Hasara kubwa ni ya mwenye kifafa, anayeuziwa hirizi wakati fenobabito ni miongoni mwa dawa za bei ya chini kabisa.

Dukani, usinunue kidonge cha usingizi kwa kukisia. Zolpidemu yenyewe huweza kumfanya mtu atembee, apike au hata aendeshe gari akiwa usingizini. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliipa onyo lake kali kuliko yote. Kagua pia dawa za kila siku. Efavirenzi, ARV iliyotumika miaka mingi, ilijulikana kwa ndoto za ajabu, na wengi wamehamishiwa dolutegraviri. Kubadilishiwa dawa ni kazi ya kliniki; usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe.

Kwa anayepigana ndotoni, madaktari huandika zaidi klonazepamu au melatonini. Klonazepamu huwasaidia wengi, ila mzee huweza kuamka nayo analewalewa na kuanguka, na haimfai anayekoroma huku pumzi ikikatika. Melatonini ni laini zaidi, lakini ya kuagiza mtandaoni ni bahati nasibu: uchunguzi wa Kanada wa mwaka 2017 ulikuta bidhaa zenye dawa pungufu sana na nyingine zenye zaidi ya mara nne ya kilichoandikwa. Nunua iliyosajiliwa kama dawa.

Vipimo hulipwa mwisho, kwa sababu mahususi. EEG, kipimo cha mawimbi ya ubongo, ina maana panapohisiwa kifafa, ingawa ikitoka safi mchana haimalizi shaka. MRI, yaani picha ya ubongo, ni ghali zaidi, na kwa mtoto mzima wa afya anayetembea usiku mara chache huongeza kitu. Kulala maabara ya usingizi huko Marekani mara nyingi huvuka dola 1,000 kwa usiku; huku ni hospitali chache zenye huduma hiyo. Kifaa cha kupelekwa nyumbani ni nafuu, lakini kazi yake ni kupima pumzi tu: kinamfaa anayekoroma, hakimfai anayerusha ngumi. Kabla ya kulipa maabara, uliza kama watarekodi video pamoja na mawimbi ya ubongo na misuli ya mikono na miguu, na kama kadi yako ya bima inahitaji rufaa kwanza.