Hifadhi ya Gari na Mali Iliyomo Ndani Yake

Barabara ya Morogoro ipitayo Kibaha huchukua usiku na mchana abiria wa bara, shehena za Zambia, Rwanda, Burundi na Kongo, na watumishi waendao Dar es Salaam alfajiri na kurejea giza limekwisha kuingia. Kwa sababu hiyo mahali kama Kwa Mathias, hapo hapo Kibaha, ambapo dereva husimama kidogo kununua kitu au kumngoja mwenzake, na ambapo familia nyingi hupata gari kabla ya kupata ukuta wa kulizunguka, pana haja kubwa ya maarifa ya kuhifadhi gari. Sisemi kwamba wakazi wake wana tabia mbaya kuliko wa kwingine, hasha. Nasema kwamba kando ya njia kuu mgeni hamshangai mgeni, na mtu akiinamia mlango wa gari lisilo lake, aghalabu wapitao hudhani ndiye mwenyewe.

Katika kazi ya kukagua magari yaliyovunjwa nimefikia rai moja ambayo kila gari jipya ninaloitiwa huizidishia nguvu, nayo ni kwamba mwizi wa namna hii hashindani na kufuli, bali hupima faida. Kabla mkono wake haujagusa kitu, jicho lake limekwisha kuhesabu ni nini kilichomo, kitachukua muda gani kutoka, na nani atakinunua. Na mwenye gari anayetumia fedha nyingi kununua king'ora huku mkoba wake umelala juu ya kiti, ameiacha hesabu hiyo ilivyokuwa.

Tazama kioo chenyewe. Kioo cha mbele kimefanywa kwa mabamba mawili yaliyogandamanishwa na utando wa plastiki katikati, ufundi uliotokana na uvumbuzi wa Mfaransa Édouard Bénédictus mwanzoni mwa karne ya 20, nacho kikipigwa hupasuka lakini hakianguki. Vioo vya milango ya magari mengi ni vya namna nyingine: hupashwa moto kupita nyuzi 600 za Selsiasi kisha hupozwa ghafula kwa upepo, hata uso wake ukabanika na kiini chake kikavutika, na uso huo ukitobolewa mahali padogo tu, kioo kizima huwa punje. Kilifanywa hivyo kwa rehema, ili abiria asichanjwe na vipande virefu wakati wa ajali, lakini rehema hiyo ndiyo impayo mwizi mlango wa dakika moja. Iko karatasi ya plastiki ya kubandikwa kwa ndani, nene kuliko ile ya giza, ambayo huzishika punje zisianguke. Haimzuii mtu aliyekusudia, bali humchelewesha na kumpigisha kelele, na mimi naiona ina thamani. Ile ya giza siisifu vivyo hivyo, maana huficha mali yako na humficha pia aliyekwisha kuingia.

Maadamu kioo ni dhaifu, kinga ya kwanza ni kuacha kiti kitupu, na kitupu maana yake kitupu kweli. Waya wa simu unaoning'inia, alama ya duara iliyoachwa kiooni na kishikio cha simu, koti lililofunika kitu kisichojulikana, sarafu chache karibu na gia: vyote hivyo ni ushahidi mbele ya jicho linalotafuta, na mtu huvunjiwa kioo cha thamani kubwa kwa ajili ya mfuko ambao ndani yake mna nguo chafu. Kompyuta na nyaraka zisizoweza kushuka nawe ziwekwe buti, lakini shurti ziingizwe humo ukiwa bado nyumbani, kabla ya safari. Wengi hufika mahali, husimama, hufungua buti mbele ya kila mtu, huingiza mkoba, hufunga, kisha huondoka kwa amani ya moyo. Nao wamekwisha kuwaonyesha watazamaji mahali pa kutafuta.

Jambo la pili ni ufunguo wa rimoti, na hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini, kwa kuwa hila hii haiachi alama. Rimoti huliamuru gari kwa mawimbi ya redio. Akiwapo mtu karibu mwenye chombo kinachorusha mawimbi ya namna ile ile, amri yako hughariki na gari halisikii. Nawe umebonyeza huku unakwenda, simu i sikioni, ukaamini kwamba milango imefungwa. Ukirudi huoni kioo kilichovunjika wala kitasa kilichoumia, na ukienda kudai huna cha kuonyesha. Dawa yake haina gharama: simama, ngoja taa ziwake na komeo lilie, kisha uvute kitasa kwa mkono wako. Ambao magari yao huwaka bila ufunguo kuingizwa, waweke ufunguo huo usiku ndani ya kisanduku cha chuma mbali na mlango, kwa sababu ziko zana za kuyanasa mawimbi yake na kuyafikisha hadi garini kana kwamba mwenyewe amesimama hapo.

Kadhalika katika foleni au pembeni mwa njia, mtu akikuashiria kwamba gurudumu limeisha upepo, usishuke ukaacha ufunguo na milango wazi, maana aghalabu yuko mwenziwe upande wa pili. Sogea hadi penye watu na mwanga, zima gari, chukua ufunguo, funga, ndipo utazame.

Mali ya gari si mikoba peke yake. Vioo vya pembeni, taa, redio, swichi za vioo, betri na ile kontroli boksi iongozayo injini huondolewa usiku uani, na mwenye gari huamka akakuta mashimo. Kwa nini viibwe vitu hivi? Kwa sababu magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, ya aina chache zinazofanana, na kifaa cha moja huingia katika jingine bila taabu. Na kwa sababu katika maduka ya vipuri vilivyotumika, Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, kifaa kisicho na asili huweza kukaa rafu moja na kile kilichoingizwa kwa halali. Ndiyo maana nasifu sana desturi ya kuchora namba ya gari juu ya kila kioo na kila taa. Uchoraji huo haukazi kitu, lakini huondoa mnunuzi. Mwizi akiuona hujua kwamba ameshika mzigo unaomtaja mwenyewe kwa namba. Vioo vya pembeni vipigwe ribiti, na betri ya lori ifungiwe katika kisanduku cha chuma chenye kufuli.

Na sisi wanunuzi tuna sehemu yetu katika dhambi hii. Fundi akikuletea taa kwa nusu ya bei, haina risiti, na inaonyesha mkwaruzo mahali ambapo namba ilifutwa, basi unalipa ujira wa usiku wa mtu mwingine. Na sheria ya adhabu ya Tanzania haimsamehe apokeaye mali huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Sokoni ndiko wizi huu unakolelewa. Nalisema kwa uchungu kwa sababu mwisho wake nauogopa: kijana akikamatwa mkononi ana kioo cha gari, kelele za mwizi zikapigwa, umati hukusanyika na roho hupotea kwa ajili ya kitu kinachonunuliwa. Akikamatwa, afikishwe kituoni akiwa hai.

Juu ya bima sina maneno mengi. Bima ya mtu wa tatu, ambayo ndiyo sheria inayotulazimisha, hailipi wizi wa gari lako wala wa kilichomo. Bima kubwa huweza kulipa gari na vifaa vyake, lakini mara nyingi huitenga mikoba na kompyuta, basi soma mkataba kabla ya kutia sahihi. Ukivunjiwa, usifagie wala usiendeshe. Piga picha kwanza, nenda polisi upewe namba ya RB, yaani ya taarifa yako, kisha uwaarifu wenye bima bila kukawia. Polisi watakuuliza namba ya chasisi, namba ya kompyuta, na ile namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15 ambayo huonekana ukibonyeza *#06#. Ziandike leo katika daftari, na daftari hilo likae nyumbani, si katika droo ya gari.