Ukitoka Kazi ya Usiku, Ulale

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayemngoja nyumbani,

Hapa Butembo tunakaa karibu kabisa na mstari wa ikweta. Jua linachomoza kama saa 12 asubuhi na kushuka kama saa 12 jioni, mwaka mzima. Mwili wako umeshika hesabu hiyo tangu utoto. Hata ukiwa shimoni, kati ya saa 9 na saa 11 za usiku joto la mwili linashuka, macho yanakuwa mazito, mkono unachelewa. Kuna makapita wanaosema huo ni uvivu. Sivyo.

Tazama mabaharia wa Marekani wanaofanya kazi ndani ya nyambizi, yaani meli za vita zinazokwenda chini ya maji. Nao, kama wewe, hawaoni jua. Miaka mingi siku yao ilikuwa ya masaa 18: masaa 6 ya zamu, masaa 12 bila zamu, kisha wanaanza tena. Kwa karatasi ilionekana ni vizuri. Lakini leo mtu alilala usiku, kesho yake jioni, keshokutwa mchana, na mwili haukuweza kufuata. Kwa miaka ya 2014 na 2015 nyambizi zao zilianza kurudi kwa siku ya masaa 24: masaa 8 ya zamu na 16 bila zamu, ili kila mtu alale saa ileile kila siku.

Mwaka 1997 wataalamu wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho masaa 17 anafanya kazi kama mwenye nusu gramu ya pombe katika kila lita ya damu. Hakugusa kasiksi, lakini usimpe baruti.

Sasa nyumbani. Mama, baba akirudi asubuhi, funika dirisha kwa kitambaa cheusi. Sombe itwangwe mbali na ukuta wake. Radio izimwe. Mgeni aambiwe arudi saa 9. Kwa matanga sina dawa, kila mtu ataenda. Lakini kama hukulala, umwambie kapita jioni ileile akuweke mbali na mashine.

Kahawa yetu ni nzuri mwanzoni mwa zamu. Ukiinywa saa 10 za usiku, saa 3 asubuhi karibu nusu yake ingali mwilini, nawe unageuka-geuka kitandani. Kasiksi ya asubuhi inaleta usingizi upesi na kuukata upesi. Mwenye kusinzia asiendeshe pikipiki; mtu aliyelala usiku ampakie.

Mashefu, mkibadilisha zamu, zifuatane hivi: asubuhi, kisha jioni, kisha usiku. Kurudi nyuma kunauchokesha mwili zaidi.

Na vidonge vya usingizi vya sokoni, viacheni. Kama majuma mawili yamepita hulali, njoo dispansere na bibi yako. Yeye ndiye anayejua kama unakoroma na kukatika pumzi.