Si Kila Kichipuacho Kina Sumu

Ipo desturi katika majiko yetu ya kukitupa kitunguu saumu pindi kinapochomoza chipukizi la kijani, kana kwamba kimeoza. La ajabu ni kwamba majiko hayo hayo hukipokea kiazi kilichochipua na kugeuka kijani, kikamenywa na kutiwa sufuriani pasipo swali. Hapo mambo yamepinduka: kinachotupwa ni chakula, na kinacholiwa ndicho chenye hatari.

Punje ya kitunguu saumu ni ghala la mmea mchanga. Wakati wa kuota ukiwadia, chipukizi hula akiba iliyomo, punje ikasinyaa na ladha yake ikawa kali. Hapana sumu inayozaliwa humo. Mwaka 2014 watafiti wa Korea Kusini walieleza kwamba, katika maabara, kitunguu saumu kilichochipua kwa siku tano kilionyesha nguvu zaidi ya kuzuia uharibifu uletwao na oksijeni kuliko kile kisichochipua. Mpishi na aipasue punje katikati na kuchomoa kiini cha kijani, ambacho ni kichungu, hasa ikiwa italiwa mbichi katika kachumbari. Katika mchuzi uchungu huo haudhihiriki sana. Kilicholainika au kushika ukungu ndicho cha kutupwa.

Kiazi kina habari nyingine. Asafiriye kutoka Nakuru kwenda Eldoret hupita Sachangwan, karibu na Molo, katika nyanda za juu zilizo maarufu kwa viazi. Aina ya Shangi, ipendwayo kwa kukomaa na kuiva upesi, huchipua muda mfupi tu baada ya kuvunwa. Kwa mkulima atafutaye mbegu hiyo ni neema; kwa mtunza ghala la shule ni mtihani. Kiazi kinapochipua au kupigwa na mwanga huongeza sumu iitwayo solanini, ambayo hukusanyika zaidi katika machipukizi, macho na ganda. Rangi ya kijani yenyewe haidhuru. Ni onyo tu kwamba huenda sumu imezidi. Wala tusijidanganye kwamba moto utatuokoa, kwani kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo.

Haya si maneno ya kutishia watoto. Taarifa ya madaktari iliyochapishwa mwaka 1979 ilisimulia kisa cha wavulana 78 wa shule moja ya London waliougua baada ya kula viazi vya mchana. Walitapika, wakaharisha na kuumwa na tumbo. 17 kati yao wakalazwa hospitalini. Shina la balaa lilikuwa gunia la viazi lililobaki ghalani tangu muhula uliotangulia. Kwa bahati njema, wote walipona.

Ni shule ngapi zetu za bweni ambazo hufunga muhula na kuacha gunia kama hilo ghalani? Najua bajeti ni finyu, na kutupa chakula ni uchungu. Lakini hasara ya gunia moja haiwezi kulinganishwa na bweni zima la wagonjwa. Ghala na liwe na giza, ubaridi na hewa ya kutosha. Viazi vya zamani vipikwe kabla ya vipya. Kiazi kigumu chenye chipukizi dogo chaweza kuliwa, mradi jicho lake lichimbwe na ganda limenywe vyema. Kilichogeuka kijani au kusinyaa kitupwe. Hata ng'ombe asipewe.

Walimu wa sayansi, hapa pana somo lisilohitaji maabara ya gharama: wekeni kiazi kimoja dirishani na kingine kabatini, kisha darasa lilinganishe baada ya majuma mawili. Nanyi wanafunzi, mkionja kiazi kichungu, kiacheni sahanini na mumwarifu mwalimu wa zamu. Huko si kudeka. Tahadhari kabla ya hatari.