Mhandisi na Shemeji Yake: Mgongano wa Maslahi ni Nini?

Naandika kutoka Norsborg, kituo cha mwisho cha reli ya chini, mstari mwekundu. Wanafunzi wa Kiafrika tukikutana huku, stori za rushwa haziishi: fulani kala, fulani kajenga ghorofa. Ila kuna jambo linaloitangulia rushwa ambalo hatuligusi, na sisi wa uhandisi ndilo litakalotukuta kwanza kazini. Ni mgongano wa maslahi.

Ni kitu gani hasa?

Ni hali ya mtu aliyepewa jukumu la kuamua kwa niaba ya wengine, huku yeye mwenyewe au mtu wake wa karibu ana faida katika uamuzi huo. Tuchukue mfano. Hapa Norsborg kuna mtambo wa kusafisha maji uliofunguliwa mwaka 1904. Unachota maji ya ziwa Mälaren na kuyapeleka Stockholm. Tuseme mhandisi wa mtambo kama huo ndiye anayepitisha mabomba, na mmoja wa wauzaji ni shemeji yake. Hajapokea hata senti. Pengine mabomba ya shemeji ndiyo bora kuliko yote. Bado mgongano upo, kwa sababu mwananchi anayekunywa maji hayo hana njia ya kujua kama bomba limepita kwa ubora au kwa undugu.

Hapo ndipo wengi tunachanganya. Kuwa na shemeji si kosa. Kosa linaanza unaponyamaza.

Waswidi wana neno fupi kwa hali hii: jäv. Sheria yao ya utawala ya mwaka 2017 inamtaka mtumishi wa umma anayejua ana jäv aitaarifu ofisi yake mara moja, na asishiriki kuamua. Haisubiri hadi aibe.

Kisa cha Djibouti

Msije mkadhani haya ni mambo ya Afrika peke yake. Panda treni kutoka Norsborg, badilisha T-Centralen uchukue mstari wa bluu, utafika Kista, makao makuu ya Ericsson. Desemba 2019 kampuni hiyo ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 1 kumaliza kesi ya rushwa nchini Marekani. Nchi zilizotajwa ni kadhaa, na mojawapo ni Djibouti.

Kwa mujibu wa wizara ya sheria ya Marekani, kati ya 2010 na 2014 kampuni tanzu ya Ericsson iliwalipa wakubwa wa serikali ya Djibouti kiasi cha dola milioni 2.1, ili ipate mkataba wa euro milioni 20.3 wa kuboresha mtandao wa simu za mkononi. Hela zilipitishwa kwenye kampuni ya ushauri, kwa mkataba wa uongo na ankara za uongo. Sasa sikilizeni hili: mwenye kampuni hiyo ya ushauri alikuwa mwenzi wa ndoa wa mmoja wa wakubwa hao. Wafanyakazi wakaandika rasimu ya ripoti ya kumchunguza mshauri, na ndoa hiyo haikutajwa.

Mwaka 2022 mahakama ya Uswidi iliwaachia huru wafanyakazi wanne wa zamani walioshtakiwa kwa kisa hiki. Mwaka 2023 kampuni ikakiri makosa Marekani na kulipa zaidi ya dola milioni 200 nyingine, kwa kuvunja masharti ya makubaliano ya 2019. Faini zote hizo zililipwa kwa serikali ya Marekani.

Somo ni hili: kuthibitisha hongo mahakamani ni kazi ngumu, lakini kuandika kwamba fulani ni mke au mume wa fulani ni sentensi moja tu. Sentensi ile ingeandikwa, kila aliyeisoma ripoti angelazimika kuuliza swali.

Sisi inatuhusu vipi?

Tusidanganyane. Kesho tukiajiriwa na kampuni za huku, wapo watakaotutaka kwa hesabu zetu, na wapo watakaotutaka kwa sababu ya mjomba aliyeko wizarani. Utaulizwa, "Kule kwenu unamjua nani?" Na nyumbani nako watakuambia damu ni nzito kuliko maji, eti umesomea nini kama huwezi kumsaidia ndugu yako? Utabanwa pande zote mbili. Kwa hiyo jipange mapema:

1. Ukiwa na uhusiano wowote na mzabuni, utaje kwa maandishi kabla kazi haijaanza. Mdomo hauna kumbukumbu.

2. Jitoe kwenye kupima, kukagua na kusaini kazi hiyo. Mhandisi mwingine afanye.

3. Ripoti isipunguzwe. Bosi akikuambia futa mstari, mwombe akuandikie agizo hilo. Mara nyingi hataandika.

4. Ndugu msaidie kwa mfuko wako, si kwa saini yako.

Tanzania wahandisi huapishwa mbele ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na kiapo ni kitu kizuri. Lakini siku ya kiapo shemeji hayupo. Anakuja baadaye, kwa heshima zote, na bahasha ya zabuni mkononi. Jibu lake liwe tayari tangu sasa: "Karibu shemeji, ila kazi yako ataikagua mwenzangu."