Isome Sarafu ya Babu Kabla Hujaiuza

Mwambao wa Kigamboni ulijua biashara kabla mji wa Dar es Salaam haujajengwa. Mbwamaji ilikuwa ikipokea misafara kutoka bara wakati Mzizima, ng'ambo ya maji, ni kijiji cha wavuvi. Ndiyo maana hata leo mtu anayechimba msingi Kibada, au anayepekua sanduku la bibi yake Mjimwema, anaweza kukutana na kisarafu cheusi. Swali la kwanza huwa ni bei. Nasaha yangu ni kwamba tuanze na kusoma.

Ikiwa ina mizani na mwaka 1299 kwa tarakimu za Kiarabu, hiyo ni pesa ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Mwaka huo ni wa Hijria, sawa na 1882. Ikiwa upande mmoja una tai na mwingine Kiarabu, ni pesa ya kampuni ya Kijerumani ya 1890 hadi 1892. Pesa 64 zilifanya rupia moja, ile yenye sura ya Kaiser Wilhelm II mwenye kofia ya chuma. Kuanzia 1904 rupia ikagawanywa kwa heller 100.

Tafuta pia herufi ndogo inayotaja mji ilikogongwa sarafu. A ni Berlin, J ni Hamburg, na T ni Tabora. Hiyo ya mwisho ina kisa kizito. Mwaka 1916, vita vikiwa vimeifungia koloni njia ya bahari, Wajerumani waligonga sarafu zao wenyewe Tabora: za heller 5 na 20, na za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo mbele ya mlima. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, Singida.

Waingereza walituletea shilingi ya simba mwaka 1921, pamoja na senti zenye tundu katikati. Zichunguze zile za 1936. Senti 5 na 10 za mwaka huo zipo zenye jina la Edward VIII, mfalme aliyeacha kiti kabla ya kutawazwa rasmi. Kwa kuwa hazikuhitaji sura yake, zilitoka mapema. Kanada, iliyosubiri sura ya mfalme mpya, iligonga tena sarafu za George V za 1936 na kuziongezea nukta chini ya mwaka. Hivyo senti ya sokoni kwetu inabeba jina ambalo sarafu za matumizi za Kanada hazikuwahi kulibeba.

Shaba ndogo za Kilwa ni kongwe kuliko zote hizi. Hazina mwaka; zina jina la sultani, kama Ali bin al-Hassan. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota tano katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na wataalamu bado wanajadili zilifikaje huko. Ukizipata hapa, kumbuka kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863.

Usiisugue sarafu kwa majivu wala ndimu. Msuguo hufuta herufi zinazoitambulisha, na mnunuzi anayejua kazi huishusha bei papo hapo. Ishike ukingoni, iweke kwenye bahasha ya karatasi, kisha andika ilipatikana wapi, lini, na ilikuwa kwa nani.

Jihadhari pia na wanaovumisha kwamba rupia ya Mjerumani ina nguvu za ajabu. Ni gramu 11.66 hivi, karibu yote madini ya fedha. Bei yake hutokana na mwaka, uchache na hali yake tu.

Kabla ya kumpa mpita njia, vuka na kivuko hadi Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, uulize. Sarafu iliyouzwa bila maelezo hubaki kipande cha chuma mkononi mwa mgeni. Iliyoandikiwa asili yake huwaeleza wajukuu nani alitawala hapa, na wazee wao walifanya biashara na nani.