TDP-43: Protini Inapohama Kiini cha Seli
Kabla ya seli kutengeneza protini, nakala ya RNA iliyotolewa kwenye jeni huhaririwa: vipande visivyohitajika hukatwa, vinavyohitajika huunganishwa. Ndani ya kiini cha seli ya neva, protini TDP-43 hujishikiza kwenye nakala hizo na kuzuia vipande visivyofaa visiingizwe.

Mwaka 2006 ilibainika kuwa katika ugonjwa wa ALS, unaodhoofisha misuli hadi ile ya kupumulia, TDP-43 huhama kiini na kuganda nje yake. Madhara ni mawili: mabonge hurundikana, na uhariri huvurugika. Hapo hupungua stathmini-2, protini inayosaidia nyuzi za neva kuota upya zinapojeruhiwa. Hivyo, kuondoa mabonge pekee huenda kusitoshe. Yapasa uhariri sahihi nao urejeshwe.