Mkweche wa Morogoro uliokataa kufia benchi

KUNA usajili mwingine unafanywa kwa kupima kilo.

Ndivyo Peugeot 404 hii ilivyoingia kwenye familia yetu hapa Morogoro. Ililetwa juu ya Fuso, haina matairi, haina betri, ikiwa imenunuliwa Sh400,000 kwa kazi moja tu: kung'olewa spea.

Baba yangu mkubwa alikuwa na 404 nyingine, nyeupe, iliyokuwa ikitembea na kukodishwa kwenye harusi. Shida yake ilikuwa gia zilizochoka na milango ya kushoto iliyoliwa na kutu. Mkweche huu wa pili, uliolala shambani Kimamba kwa zaidi ya miaka 20, ulikuwa na giaboksi safi.

Giaboksi ikang'olewa. Ikafuata milango miwili, taa, rejeta na kioo cha mbele. Kilichobaki kikawekwa juu ya mawe nyuma ya nyumba, kuku wakahamia humo.

Kwa lugha yetu ya soka, huyo ni mchezaji wa mazoezini. Yupo kambini ili wenzake wacheze.

Mwaka uliofuata mambo yakageuka. Mama mkubwa alitakiwa kufanyiwa upasuaji wa nyonga, na kitu pekee cha kuuzika haraka kilikuwa ile nyeupe. Mnunuzi alikuja kutoka Dodoma akaondoka nayo, pamoja na giaboksi ya mkweche iliyokuwa ndani yake.

Mama mkubwa alipona na sasa anatembea kwa fimbo. Mzee akabaki na bodi lililotoboka, injini isiyozunguka na vijana wa vyuma chakavu waliokuwa wakigonga geti kila wiki na mzani wao.

Aliwagomea wote.

Aliyetaka gari liondoke ni mama mkubwa, na wala si kwa sababu ya fedha. "Kila nikiliangalia hilo gofu najiona kama nadaiwa," aliniambia siku moja tukiwa tunachambua mchele.

404 NI NANI?

Kwa kijana aliyezaliwa zama za Vitz na IST, ngoja nimtambulishe mchezaji.

404 ilizinduliwa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina ya Italia. Injini yake ya petroli ya cc 1,618 imelazwa upande kwa nyuzi 45, na gia zake zinaingizwa kwa mkono wa kwenye usukani.

Rekodi yake Afrika Mashariki inatisha. Ilitwaa Safari Rally mara nne, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, enzi zile mbio hizo zikikatiza Kenya, Uganda na Tanzania kwa vumbi na matope.

Ya 1966 na 1967 ilibebwa na Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa akiishi Tanzania, akisomewa ramani na Chris Rothwell. Zile mbili nyingine ni za Nick Nowicki na Paddy Cliff wa Kenya, na katika miaka yote hiyo miwili yalimaliza magari saba tu. Mengine yote yaliishia njiani.

Wakati Shankland anabeba la kwanza, Sunderland, hawa Simba wa leo, walikuwa wanatetea ubingwa wa Bara walioutwaa 1965.

Babu yetu alikuwa dereva wa 404 kwenye shamba la mkonge. Mwaka 1975, Mseto ya Morogoro ilipokuwa klabu ya kwanza ya nje ya Dar es Salaam kutwaa ubingwa wa Bara, baba mkubwa alikuwa mtoto wa darasa la nne. Anasema siku hiyo alizungushwa mjini akiwa amekaa kiti cha nyuma cha 404. Ufaransa waliacha kuitengeneza mwaka huohuo.

KAZI YENYEWE

Kosa ambalo wengi hulifanya kwa gari lililolala muda mrefu ni kufunga betri mpya na kupiga stata. Injini iliyoshika kutu ikilazimishwa kuzunguka, inavunjika.

Mzee alitoa plagi zote nne, akamimina dizeli iliyochanganywa na oili kwenye kila silinda, akaziba kwa matambara na kuondoka. Alisubiri wiki mbili. Kisha akajaribu kuizungusha taratibu kwa hendeli. Ikasogea nusu mzunguko, ikakwama.

Kichwa cha injini kikafunguliwa. Silinda ya tatu ilikuwa imeingia maji, pistoni imegandana na ukuta wake.

Hapa ndipo 404 inapowapiga chenga magari mengi ya leo. Silinda zake ni slivu zinazochomolewa moja moja, hivyo huhitaji kupeleka bloku nzima kuchongwa. Slivu na pistoni yake zilipatikana kwenye pikapu iliyokufa, kwa fundi mmoja wa Msamvu.

Tenki la mafuta lilikuwa na kutu kama uji. Lilishushwa, likatiwa kokoto na sabuni ya unga, vijana wawili wa timu ya mtaa wakalitikisa mchana kutwa kama manyanga. Mipira yote ya breki ilitupwa na kununuliwa mipya. Kwenye breki hakuna kubahatisha.

Ikabaki giaboksi.

Mzee alimpigia yule bwana wa Dodoma akitaka kuinunua. Jamaa akacheka, akasema gari linatembea vizuri, ailegeze ya nini?

Basi akarudi bandani. Ile giaboksi mbovu ya gari jeupe, aliyoitupa mwenyewe, ilikuwa imeegemezwa mlango wa banda la kuku usifunguliwe na upepo. Ikafunguliwa mezani. Beringi mbili zilikuwa zimekwisha na gia ya pili imelika meno. Gia ya pili ikatoka kwenye pikapu ileile ya Msamvu.

Kazi yote ilichukua miezi 14, kwa sababu ilisimama kila fedha ilipokata. Ligi ilianza, ikaisha, ikaanza tena.

ILIPOWAKA

Iliwaka Jumamosi moja asubuhi, baada ya kupiga chafya mara kadhaa kwenye kabureta na kutoa moshi mweusi uliomfanya jirani aanue nguo. Vijana walishangilia kama wamefunga dakika ya 90.

Mama mkubwa alisimama mlangoni na fimbo yake. Hakusema kitu. Baadaye alikuja akauliza kama milango itabaki hivyohivyo.

Itabaki kwa sasa. Gari ni la kijivu, milango ya kushoto ni ya bluu, na kuta za ndani bado zina alama za kucha za kuku. Harusi haiwezi kwenda mpaka ipigwe rangi, na rangi ni fedha nyingine.

Lakini Alhamisi iliyopita ilimpeleka mama mkubwa kliniki na kumrudisha. Alikaa nyuma, kwa kuwa kiti cha mbele cha abiria hakijafungwa bado, akalalamika njia nzima kwamba mzee anaendesha polepole mno.